Kilimia Juu ya Kinu

Baba yangu alinifundisha Kilimia kabla sijajua kusoma. Tulikuwa tukikaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mpunga, shambani kwetu Michenga, naye hunishika kichwa kwa mikono miwili na kunigeuza kuelekea milimani. "Pale. Kale kafungu ka nyota zilizobanana. Umeuona mpini?" Kwake Kilimia kilikuwa jembe. Kikikaribia kuzama, mpini hutazama juu, kama jembe ambalo mtu amelichomeka kwenye mlima akaenda kunywa maji. Mimi nilikuwa nasema nimeuona hata nilipokuwa sijauona, maana mikono yake ilikuwa mizito.

Miaka ya tisini ilinikuta mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba Mlabani. Padri mmoja mzee wa Kizungu alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, na vitu vyake vikagawiwa. Watu waligombea jokofu na baiskeli. Mimi nilichelewa, kama kawaida yangu, nikakuta kumebaki darubini ya kutazamia nyota ambayo hakuna aliyeitaka. Nikaibeba begani mchana kweupe. Kufika nyumbani mtaa mzima ulikuwa unaniuliza kama nimenunua bomba la maji.

Kuanza kulinitesa, sitaki kudanganya. Nilidhani unaelekeza tu kisha unaona. Weee! Unahangaika mpaka shingo inakauka, ukiipata nyota, ukipumua tu, imekwenda zake. Mwezi ndio uliokuwa wa kwanza kunihurumia. Nilipouona na mashimo yake yale, nilipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akatoka na mwiko. Alichungulia, akaguna, akasema mwezi una ndui.

Kesho yake nikaielekeza kanisani nijaribu mchana. Mnara ulikuwa kichwa chini na msalaba unatazama ardhi.  Nikajua ama nimeiharibu, ama nimepewa kitu kibaya. Mwalimu mwenzangu wa sayansi alicheka sana, akaniambia darubini za nyota nyingi ndivyo zilivyo, hupindua kila kitu, na kwa nyota haidhuru.  Kwetu Michenga sikumsimulia mtu jambo lile, niliona aibu kujisifia kitu kinachosimamisha kanisa kwa kichwa.

Mpunga ulipoanza kuiva nikaenda Michenga likizo. Baba nilimkuta amekaa mlangoni, namsalimia, "Shikamoo Baba," anaitikia huku anatazama pembeni yangu. Mama alinivuta jikoni akaniambia. Hospitali walikuwa wamesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na upasuaji Baba aliuogopa kuliko mamba wa mtoni. Jioni ile, jua lilipozama, aliinua uso kuelekea milimani kwa mazoea.

"Mwaka huu sijakiona Kilimia, mama," aliniambia. Ndivyo alivyoniita siku zote, mama. "Naona giza na ukungu. Kitazama hivi karibuni, na kikirudi sidhani kama kitanikuta na jicho. Basi, tulishaagana."

Alisema vile bila kununa, na hapo ndipo nilipoumia. Nilirudi Mlabani siku ya pili yake kuifuata darubini. Nilijiapiza Baba atakiona Kilimia kabla hakijazama, hata kama itanibidi niushushe mlima.

Lakini yalikuwa majira ya masika. Jioni baada ya jioni mawingu yalikaa juu ya milima kama wenye mji. Kilimia kilikuwa kinateremka, nami nasaga meno. Siku moja mvua ikanyesha mchana, ikakata, na jua lilipozama mbingu ikawa safi. Nikakimbilia dunguni, mahali pa juu kuliko pote pale shambani, nikaifunga darubini kwenye nguzo kwa kamba za miyaa, nikampandisha Baba ngazi kwa ngazi.

Hapo nilifanya ujinga wangu mkubwa. Dungu letu ndilo lililoshika kamba za makopo. Zilitoka kwenye nguzo zikapita juu ya mpunga, na ncha moja ilifika mpaka jikoni, ili Mama avute akiwa anapika, makopo yalie, nguruwe pori wakimbie. Kila nilipokipata Kilimia, Mama alivuta. Kwanjakwanja! Nguzo inatikisika, nyota zinaruka kama bisi.

"Mama, acha hiyo kamba!"

"Nguruwe wakila mpunga, mtakula nyota?"

Nilikuwa karibu kulia. Hasira zangu haziko mbali, nikaanza kugombana na nguzo. Baba ndiye aliyesema kwa upole, "Teremka. Tafuta kitu kisichotikisika." Tukateremka, nikatazama huku na huku uani nikakiona kinu. Nikakipindua, nikaiketisha darubini juu yake na kuikaza kwa magunia.

"Kinu changu hicho!" Mama alipiga kelele.

"Nitakiosha!"

Kinu cha mninga hakitikisiki hata apite kiboko. Kilimia kilikuwa kimebakiza kama upana wa kiganja kuugusa mlima. Nikakipata, nikapiga magoti, nikakisogeza kichwa cha Baba kwa mikono miwili mpaka jicho likakaa mahali pake.

"Naona ukungu," alisema.

Nikavishika vidole vyake, nikaviweka kwenye kirungu cha ubavuni mwa darubini, kile cha kuzungusha mpaka nyota zionekane vizuri. "Zungusha mwenyewe, taratibu."

Alizungusha. Alizungusha kupita pale nilipokuwa ninaishia mimi, akaendelea. Kisha akaacha. Mdomo ulimbaki wazi.

"Ninakiona."

 Nikamwomba nami nichungulie. Nilichokiona kilikuwa ukungu mtupu, mabaka meupe yasiyo na umbo.  Nikajua amenihurumia, ameona nilivyohangaika akaamua kunifurahisha, kama mimi nilivyomfanyia dunguni nikiwa mdogo.

"Baba, usinidanganye. Hakuna kitu humu."

"Nikudanganye ili iweje?" Alikuwa amekasirika kweli. "Ila hilo bomba lako lina kasoro. Limepindua jembe langu. Mpini uko chini!"

Nilikaa chini kwenye matope. Hilo hakuna mtu aliyemwambia, si mimi wala mwingine yeyote. Macho yake mabovu yalitaka kirungu kikae pengine kabisa, pale ambapo macho yangu mazima hayaoni kitu, na yeye alikuwa amepapata mwenyewe kwa vidole vyake. Nililia, wala sikujificha. Mama akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

"Hajafa mtu," Baba alisema. "Niache nitazame."

Sikukigusa tena kile kirungu. Nilikuwa nikiisukuma darubini kidogo kidogo kila Kilimia kilipoteremka, yeye akiniambia "bado kipo, bado kipo", mpaka mlima ukakimeza. Mama alisimama nyuma yetu muda wote ule, mikono kifuani, na kamba hakuivuta hata mara moja. Asubuhi tulikuta nguruwe wamemaliza kona nzima ya mpunga, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.