Kabla Akoth Hajapanda Boti

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka bado naona haya. Leo nakusimulia, mwanangu, kwa sababu umenijia na furaha tele ukisema mwezi ujao mnawapeleka watoto wa kitengo chenu cha mahitaji maalum Naivasha kuona viboko. Nimefurahi kusikia. Lakini nimekuuliza umewaandaa vipi, ukanijibu kwamba mmeshapata basi na soda. Keti basi unywe chai, haraka hatuna.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya wa watoto wenye mahitaji maalum katika shule moja karibu na mtaa wa Jericho. Cheti changu kilikuwa bado kinanukia wino, nami nilijua kila kitu. Darasani kwangu kulikuwa na msichana wa miaka tisa, jina lake Akoth. Kengele ikilia alijitupa chini ya dawati. Lebo ya sweta ikimgusa shingoni aliivua, hata kama ni Julai na baridi inauma. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi kati ya hayo yalihusu viboko. Alikuwa amewaona katika kitabu cha picha, na tangu hapo akawachora kwenye daftari, ukutani, hata kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu.

Akoth alilelewa na nyanya yake, muuzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Jericho. Mama huyo alizaliwa kando ya ziwa kule Nyanza, na soko zima lilimwita Dani, maana ndivyo Wajaluo wanavyomwita nyanya.

Shule ilipopanga safari ya Naivasha, mimi nikaamua kumficha Akoth habari hiyo. Najua, unanitazama. Niliogopa angeniuliza swali moja mara mia kwa siku, tena nikadhani kumshtukiza ni kumpa zawadi. Juu ya hayo nikawaagiza wazazi jambo ambalo sisi watu wa mitaa ya Eastlands hatuhitaji hata kuagizwa, kwamba mtoto akienda safari avae zile nguo za Krismasi. Akoth akaja na gauni la marinda lenye lesi ngumu shingoni, viatu vipya vinavyombana, na uso unaong'aa mafuta. Mtoto alikuwa ameshachoka kabla basi halijatoka getini. Mimi niliona amependeza tu.

Kule ziwani kulikuwa na foleni, na injini za boti zilikuwa zikinguruma. Mwenye boti akaleta jaketi za kuokolea, ngumu, zenye mikanda, zinazonuka petroli. Akoth akarudi nyuma. Nikamwambia, "Jikaze, Akoth. Wenzako wote wamevaa." Dereva wa basi akamshika mikono, mimi nikamfunga mikanda kwa nguvu. Alipiga kelele ambayo sijaisahau, akaniuma mkono, akajilaza matopeni na gauni lake. Basi wenzake wakaenda, sisi wawili tukabaki ndani ya gari. Akabandika uso kwenye kioo, akitazama boti zikitokomea, akisema, "Viboko. Viboko." Alisema hivyo mpaka waliporudi.

Unajua nilihisi nini? Hasira. Sikumhurumia, nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa ameniaibisha mbele ya walimu wenzangu. Jumatatu mkuu wa shule akaniambia, "Safari ingine huyo msichana abaki." Nikasema sawa, na moyoni nikashukuru. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi mpaka leo.

Jioni nikaenda sokoni kumpa Dani habari hiyo. Alikuwa akipima omena kwa mkebe. Aliniacha nimalize yote, mpaka na sehemu ya kuumwa mkono, halafu akaweka mkebe chini.

"Mwalimu," akasema, "leo mimi nikushike, nikufunge mikanda kifuani, nikupeleke kwa maji na sijakuambia tunaenda wapi. Wewe utajikaza?"

Akanisukumia kigoda niketi.

"Huyu mtoto si mkaidi. Wewe unasikia kengele peke yake. Yeye anasikia kengele, na viatu, na mtu anakohoa huko nje, zote pamoja, na zote kwa nguvu. Mimi humwambia kitu kabla kikuje. Wewe ulimwambia kikiwa kimemfikia." Akafuta mikono kwa aproni. "Safari ingine ni lini?"

Nikamwambia ni muhula wa tatu, lakini mkuu amekataa. "Mwambie mimi nitaenda na yeye," akasema. "Na wewe kesho ukitoka shule ukuje hapa."

Hakuniomba ruhusa, aliniamuru. Mkuu alikubali kwa shingo upande, akanionya kwamba tukirudia vituko vile, hakutakuwa na safari ya tatu kwa Akoth. Kwa hiyo tulikuwa na nafasi moja.

Dani alinitaka nimtajie kila kitu kilicho baina ya geti la shule na viboko, kimoja kimoja. Kelele ya injini ndiyo tuliyoanza nayo. Pale sokoni palikuwa na mashine ya kusaga posho inayonguruma kuliko boti yoyote. Siku ya kwanza tulisimama na Akoth mbali, kwa muuza viatu, tukaondoka yeye mwenyewe alipotaka. Wiki iliyofuata tukafika kwa muuza mboga. Kaka yangu alikuwa kibarua Industrial Area, akatuletea vile vikinga masikio vya wafanyakazi wa kiwandani, na kwa hivyo siku moja Akoth alisimama mlangoni kabisa, nywele zimejaa unga, akitazama mkanda wa mashine ukizunguka. Fundi wa cherehani alitushonea jaketi ya kujifunzia kwa sponji ya godoro kuukuu. Tukagundua kwamba kubanwa kifua hakumsumbui hata kidogo, tena alipenda. Taabu ilikuwa shingoni tu. Dani akapata fulana ya zamani iliyofuliwa mpaka ikawa laini, ya kuvaa ndani. Benchi tuliliweka juu ya matairi mawili, likawa linayumba, na hapo Akoth alikula ugali wake kila jioni akiwa na jaketi. Majirani walicheka sana. Nami nikachora siku nzima kwa picha, basi, foleni, jaketi, boti, viboko, kurudi nyumbani, naye akaninyang'anya kalamu akarekebisha viboko wangu.

La mwisho lilikuwa ahadi. Akiweka mkono kwenye goti langu, tunarudi nchi kavu papo hapo, bila swali.

Siku ikafika. Alivaa fulana yake na ndala. Jaketi ya kweli ikafungwa, hakulia. Injini ikawashwa, akaziba masikio kwa vikinga vyake, akakaa. Nilikuwa nimeanza kujipongeza pale tai mmoja alipopiga ukelele juu ya vichwa vyetu. Mkono ukaja gotini.

Mwanangu, viboko tulikuwa tunawaona. Yale mawe meusi mbele yetu yalikuwa migongo yao. Nilitamani kusema, kidogo tu, Akoth, vumilia kidogo. Nilimtazama Dani, naye akatazama maji tu. Nikamwambia mwenye boti ageuze.

"Sasa madam, si tulikuwa tumefika?" akauliza.

"Geuza, tafadhali."

Tulirudi mpaka ufukweni. Akoth akashuka, akasimama kwenye nyasi, akanywa maji polepole huku mimi nikijiandaa kwa yale nitakayomwambia mkuu. Halafu akanirudishia chupa, akasema, "Tena."

Mwenye boti alinung'unika, lakini akatupeleka. Alizima injini mbali na kundi, kukawa kimya. Akoth alivua vikinga masikio mwenyewe. Kiboko mmoja akatutazama, akakunja masikio yake madogo, akazama. Akoth akamvuta Dani mkono na kusema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia kutoka kwake. "Dani, anafunga masikio ndio aingie kwa maji."

Nililia, sikufichi.

Kwa hiyo, mwanangu, soda ni nzuri, lakini wiki hizi nne zitumie vizuri. Mwambie kila mtoto anakokwenda, mwonyeshe, mwache aiguse jaketi, asikie kelele akiwa mbali kwanza. Waambie wazazi waache nguo mpya kabatini. Mpe mtoto njia ya kusema basi, na akiitumia mtii, hata kama viboko wako mbele ya pua yako, maana akijua kwamba atarudishwa ndipo atakapothubutu kwenda. Na neno jikaze liache hapa hapa mezani kwangu.

Haya, maliza chai. Mwenyezi Mungu awatangulie njiani na majini, akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, na watoto wote utakaowahesabu asubuhi uwahesabu tena jioni, kila mmoja akiwa na kitu cha kusimulia kwao.