Daktari Aliyelaza Mkono Wangu

Ntaanza na aibu yenyewe, usije ukaisikia kwa mwengine imetiwa chumvi. Mie, mtu mzima na ndevu zangu, nilijifanya nimepandisha pepo mbele ya daktari. Nikaguna, nikatikisa kichwa, nikataka halua na maji ya waridi kama ruhani mkubwa. Na wakati wote huo nilikuwa macho kuliko weye unayenisikiliza. Kisa hiki sikuhadithiwa na mtu. Kimenipata mie, na kiti nilichokalia ningeweza kukuchorea.

Mie ni kinyozi, mtaa wa Mlandege. Skuli niliiacha katikati, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujasikilizana. Lakini wembe niliujua. Basi siku zile za Mapinduzi nilikuwa nnamnyoa mzee mmoja shingoni, mara bunduki zikalia mtaa wa pili. Mkono ukaruka. Jeraha dogo, mzee akapona, akarudi kutaka nimalizie upande uliobaki. Mkono wangu ndio haukupona. Kila nikishika wembe unatetemeka kama kuku aliyeroa. Mkasi nnashika, mashine ya mkono nnashika, kijiko ndio usiseme. Wembe tu. Miaka ikapita, nikawa kinyozi wa mkasi.

Hapo Mize, mke wangu, akajifungua mtoto wa kike, na sisi tulikuwa tushakata tamaa. Kwetu mtoto hunyolewa nywele za tumboni arubaini yake ikifika. Mize akanambia, "Mwanangu hanyolewi na mtu mwengine. Babake kinyozi."

"Mkono, Mize."

"Basi utafutie dawa mkono wako. Arubaini haijafika."

Hebu niambie, weye ungefanya nini? Utosi wa mtoto mchanga unauona unavyopiga, halafu upitishe wembe juu yake na mkono kama huu?

Jirani yangu Haji, fundi viatu, ndiye aliyenipa habari za daktari mmoja kule Mtoni. Mtu wa hapahapa, kasoma ng'ambo, anatibu watu kwa kuwalaza kwa maneno. Wasomi wanaita hipnosisi. Haji huyohuyo ndiye aliyenitia khofu.

"Lakini yakhe, ukishalala, roho yako imo mkononi mwake. Atakalokuuliza utalisema. Na asipokwamsha, hwamki."

Na siku zile, nani hakuwa na neno ambalo bora libaki kifuani?

"Sasa unanipeleka au unanizuia?"

"Nnakupeleka. Ntakaa mlangoni nikusomee dua."

Tukenda alasiri, jua linawaka. Mie nilitarajia mtu wa macho mekundu. Nikamkuta bwana mfupi, miwani kaifunga uzi, anamenya chungwa. Akanawa mikono, akanikalisha kwenye kiti cha uvivu, akaniambia nivute pumzi pole pole, nisikilize sauti yake, niuache mkono uwe mzito. Basi. Hapana ubani, hapana ngoma.

Nikangoja usingizi. Hauji. Nnasikia saa ya ukutani, nnamsikia Haji nje anasoma, anakosea, anarudia. Nikaingiwa na wasiwasi kwamba mie ndiye nnayeharibu. Maana tiba ya namna hii nnayoijua ni ile ya mashangazi zangu: mgonjwa hufunikwa shuka, atikisike, apandishe, mganga amuulize, "Nani weye? Wataka nini?" Mgonjwa asiyepandisha anamvunjia mganga heshima. Nikaona haya kumwaibisha daktari wa watu nyumbani kwake. Basi nikampa pepo.

"Hmmmm! Mie ruhani! Nataka halua! Nataka maji ya waridi!"

Nikakumbuka kwamba ruhani husema Kiarabu. Kiarabu changu chote ni cha chuo cha Kurani, kwa hivyo nikamhisabia wahid, ithnain, thalatha, mpaka kumi, kwa sauti ya kutisha. Huko nje kisomo cha Haji kikakatika.

Daktari akauliza, "Ushamaliza?"

"Naam," nikajibu, kwa sauti yangu ya siku zote.

"Ruhani nao huitika naam?"

"Huyu ana adabu, Daktari."

Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema, "Sikiliza, bwana. Hukuja hapa kulala. Unanisikia, na utanisikia mpaka mwisho. Neno usilotaka kulisema, hulisemi. Ukitaka kuinuka, mlango ule. Mie nnakuonesha njia tu, anayekwenda ni weye."

Sasa hapa ndipo penye ajabu, niamini. Ukishaambiwa hapana anayekushika, khofu yako utaiweka wapi? Yangu ilikosa pa kukaa. Mkono wa kulia ukawa mzito, kisha ukawa kama si wangu, umekaa pale kitini kama mgeni aliyekuja kututazama. Akaniambia nirudi kwa fikra dukani, siku ile ya bunduki. Nikarudi. Wallahi, nilinusa sabuni. Nikaiona shingo ya yule mzee, nikazisikia bunduki, na ule mkono wa mgeni haukuruka. Ulishika wembe, ukatulia, ukangoja kishindo kipite. Machozi yakanitoka, nami nnajua kuwa yananitoka. Nililala? Sikulala, saa bado nnaisikia. Nilikuwa wapi basi? Nilipomuuliza daktari, alisema naye hajui yote.

Nikatoka nnaringa, nshapona. Kufika dukani, shika wembe: kuku yule yule! Nikarudi kwa daktari na hasira zangu.

"Kwani nilikwambia nauza hirizi?" akasema. Akanifunza kulifanya jambo lile mwenyewe, kila asubuhi kabla ya kufungua duka: kukaa, kuvuta pumzi, kuuacha mkono uwe mzito, kisha kushika wembe. Nikawa madafu nnayapaka povu, nnayanyoa. Wapita njia wakiniuliza yule mteja kichwa chake kimepata nini.

Arubaini ikafika. Mamangu kampakata mtoto ukumbini, Haji kanishikia bakuli la maji, Mize kasimama mlangoni. Nikafumba macho kidogo, nikavuta pumzi. Wakadhani nnaomba dua, nikawaacha wadhani. Kisha nikaweka wembe, nikaanzia nyuma ya sikio, pole pole, nikapita kando ya utosi ule unaopiga, mpaka kichwa chote kikang'ara. Mtoto alilia mara moja tu, kwa ajili ya baridi ya maji.

Mpaka leo mkono huu hautulii kila siku. Mlango ukibamizwa, naweka wembe chini, najikalisha kwanza, wateja washanizoea. Basi nawe, akikujia mtu akakwambia atakulaza akuondolee kila ugonjwa kwa siku moja, au atakutolea siri za mwenzako, mkimbie. Na ukimpata wa kweli, usikhofu kwamba atakuteka. Khofu ni nyengine: atakurudisha kule ulikokimbia, na utarudi ukiwa macho.

Jioni ile ile tulikaa barazani na kahawa, mie nnajisifu, nnapiga kelele mtaa mzima. Haji akaniacha mpaka nikachoka. Akasema, "Ulikuwa unatetemeka, yakhe. Nimeviona vidole. Lakini hukuuondoa mkono."