Picha Iliyoingia Kwenye Kitabu cha Nyimbo

Miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, nilikuwa nafanya kazi katika studio ya picha ya baba yangu mdogo, nyuma ya soko la Tabora. Nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani na sanduku moja. Baba mdogo hakuniuliza kitu. Alinionyesha chumba cha giza, akanifundisha kuchanganya dawa, basi. Nilikipenda chumba kile. Chini ya taa nyekundu mikono yangu ilionekana ya mtu mwingine, na sauti za mji zilinifikia kwa mbali, zimelainika, kama ninazisikia usingizini.

Asubuhi moja ya kiangazi aliingia mama wa makamo, kabeba kitu kipana kilichofungwa kwa kitenge. Alikuwa ametoka upande wa Sikonge. Kitenge kilinuka moshi na nta ya nyuki.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Fundi yupo?"

Baba mdogo akatoka. Mama akafungua kitenge taratibu. Ndani mlikuwa na picha ya ukutani yenye kioo na fremu ya mninga: watu tisa mbele ya nyumba ya udongo, wamevaa vizuri, mbingu tupu juu yao.

"Lori la kutuhamisha linakuja Jumatatu," alisema. "Wamesema vyombo na chakula tu. Mume wangu ametangulia kujenga, naye kasema picha tuiache. Mimi nataka iingie humu." Akatoa kitabu cha nyimbo za kanisani, kidogo, kimechakaa pembeni.

Baba mdogo akakipima kwa macho. "Itaingia. Lakini kwa watu tisa, mama, nyuso zitakuwa punje za ulezi. Afadhali tupunguze watu. Huyu wa mwisho, kwa mfano."

"Huyo shemeji yangu. Amenisumbua sana huyo. Lakini mkimtoa, mkono wa mume wangu utashika wapi?"

Tukainama kutazama. Kweli, mkono wa mumewe ulikuwa umetua begani kwa yule bwana.

"Sasa tupunguze nini?" baba mdogo aliuliza.

Mama akafikiri. "Toeni mbingu. Na miguu pia. Viatu vyenyewe tuliazima."

Baba mdogo alicheka mpaka akavua miwani. Mama naye alicheka kidogo, kisha akaweka kidole juu ya kioo, pale alipokuwa amekaa yeye mwenyewe, bado kijana, na mtoto mapajani.

"Huyu ndiye aliyenileta," alisema.

Mtoto alikuwa amegeuza kichwa wakati picha inapigwa. Mahali pa uso palikuwa na ukungu tu. Mama alitueleza kwamba binti yake huyo alifariki kwa surua kabla mvua hazijaanza mwaka uleule, na hakuwahi kupigwa picha nyingine.

"Nimeutazama ukungu huu miaka yote. Mkiipunguza picha, si atapotea kabisa?"

Baba mdogo hakutaka kumdanganya. "Sijui, mama. Tujaribu tuone."

Tulitoa kioo ili kisirudishe mwanga, tukaisimamisha picha uani kwenye kivuli, na baba mdogo akaipiga picha upya. Filamu ilipokuwa inakauka, mama alikula nasi ugali kwa mlenda. Kisha akaomba kuingia nami chumba cha giza. Nilishusha kichwa cha mashine ya kukuzia picha mpaka wale watu tisa wakaenea kwenye kiganja, nikaiweka karatasi, nikahesabu moyoni, nikaizamisha kwenye dawa.

Tulisimama bega kwa bega. Karatasi ilibaki nyeupe kwa kitambo. Kisha makoti ya wanaume yakaanza kutokeza, kisha nywele, kisha macho, yakipanda polepole kutoka chini ya maji. Mwisho kabisa akaja mtoto. Mama akainama karibu zaidi. Ule ukungu uliotapakaa kwenye picha kubwa ulikuwa umejikusanya. Shavu lilikuwa na ukingo wake. Jicho lilikuwa mahali pake. Mdomo ulikuwa wazi.

"Anacheka," mama alinong'ona. "Mimi nilidhani alikuwa analia."

Nilimshika mkono, tukabaki hivyo, picha ikielea mbele yetu, mpaka nikakumbuka kuitoa kwenye dawa isije ikawa nyeusi yote. Baadaye baba mdogo alinieleza kwamba picha ikipunguzwa, mtikisiko wake nao hupungua, ndipo jicho hupata pa kushika.

Ilipokauka, mama aliitia kitabuni, akaaga, akaenda kutafuta usafiri wa kurudi. Picha kubwa alituachia.

Baada ya wiki mbili tatu walianza kuja wanawake wengine kutoka kijiji kile kipya, walioiona ile ya kitabuni, mmoja mmoja, na fremu walizozificha katikati ya vyombo wakati wa kuhama, zimefungwa kwa kanga na mikeka. Wote walitaka ndogo. Kiangazi chote nilipunguza maharusi, wabatizwa, wazee waliosimama wima kando ya baiskeli zao. Kila mwenye picha nilimwuliza kwanza nani nimtazame zaidi. Wengine walijibu mara moja. Wengine walikaa kwenye benchi letu, jua likihama uani, wakizitazama nyuso moja baada ya nyingine, nami niliwaacha wachague bila haraka.