Wiki ya Kupanda Masale

Kihamba chetu cha Marangu, shamba la urithi wa ukoo, hakifiki hata ekari moja, na baba alipofariki alituacha watoto watatu: kaka yangu mkubwa, mdogo wetu wa mwisho, na mimi niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda. Kwa mila zetu binti hapewi kihamba. Nilitaka mahali pa kujenga vyumba viwili tu, na niliogopa kweli kwamba nitazeekea jikoni kwa mama.

Kaka alitaka tupimiwe viwanja. Afisa ardhi akasema vipande vitakuwa vidogo mno, havikubaliki. Ila tunaweza kuchukua hati moja yenye majina yetu yote, shamba libaki zima, na kila mtu ajenge pale ambapo mama atakubali. Nikashangilia kimoyomoyo. Pasipo na mipaka, nani angeniambia sina sehemu?

Kaka naye alikubali, kwa mdomo. Asubuhi ya ukaguzi tukakuta mstari wa mimea mibichi ya masale umekatiza kwenye migomba na kumega nusu nzima ya juu, ile yenye mfereji. Huku kwetu sale likishasimama ardhini, huo ndio mpaka, na kuling'oa ni kujitafutia laana. Afisa akafunga faili. Alisema tumeshagawana wenyewe, na angerudi wiki inayofuata tukishajua tunachotaka. Kaka alikuwa anaangalia mlima kana kwamba ndio kwanza anauona.

Niliwaka. Mama hakutaka hata kusikia habari ya kung'oa, na mimi pia sina ubavu huo. Lakini hakuna mila inayokataza kupanda, na sale ukilikata kijiti ukachomeka, linaota. Basi wiki nzima nilichomeka: kuzunguka zizi, choo, kila mti wa kahawa, hadi duara zuri mbele ya mlango wa kaka.

Afisa aliporudi alizunguka shamba lote, jasho likimtoka.

"Sasa mpaka wenu ni upi?"

"Kaka ndiye mkubwa," nikasema kwa adabu zote. "Yeye atakuonyesha."

Kaka alitazama masale, akanitazama mimi.

"Hakuna mpaka," akasema.

Majina yakaandikwa matatu, langu la mwisho.

Siku hiyo hiyo mama akaniuliza ningependa kujenga wapi. Nikamwonyesha kule juu, penye mfereji. Kaka akafungua mdomo, akakumbuka alichomwambia afisa, akaufunga.