Kadi ya Ndani na Joto la Mabati

Mimi si mtu wa kunyamaza nikionewa. Hilo nimelirithi kwa mama, naye kwa mamake, na wanaotujua hapa Garsen wanajua kutupisha njia. Kwa hiyo siku niliyosoma kwenye simu kwamba mimi ni mwizi, sikulia. Nilivaa miwani nikasoma tena, nisije nikakasirika bure.

Nina banda la gemu karibu na stendi. Viti vya plastiki, televisheni mbili, mashine mbili, na vijana wanaokuja kucheza mpira wa kwenye skrini. Nilianza kama mwenye banda tu. Nilikuwa nasimama nyuma yao nawauliza mbona wanapiga shuti na mwenzao yuko peke yake pale pembeni. Wakachoka. "Mama, kaa ucheze wewe basi," wakaniambia kwa kejeli. Nikakaa. Baada ya miaka miwili hapakuwa na mtu Garsen wala Hola wa kunifunga mara mbili mfululizo, nami nina miaka arobaini na mitatu, na sijapunguza hata mmoja.

Ndipo nikaingia ligi ya mtandaoni ya wachezaji wa Pwani. Sheria yao ilikuwa kwamba kila mchezaji arekodi mechi yake na kuirusha laivu, na kwenye kona ya picha kamera ndogo ionyeshe mikono yake ikiwa imeshika padi ya kuchezea. Nilikuwa na kijisanduku cha USB cha kunasa picha. Kinapokea picha kutoka kwenye mashine ya gemu, kinaipeleka kwenye kompyuta, na kompyuta inarekodi na kurusha. Kilikuwa kidogo kama kiberiti, na nilikiamini.

Mechi ya tatu nilicheza na mwanamume mmoja wa Mombasa, mtu wa majigambo, akaniita bibi kabla hata hatujaanza. Nikamfunga tatu kwa moja. Lakini kwenye rekodi yangu, kipindi cha pili, picha ikaganda. Mikono yangu ikaganda, mpira ukaganda. Ilipozinduka, mabao mawili yalikuwa yameshaingia. Yeye akaandika kwenye kundi, mbele ya watu wote: "Huyo mama hachezi. Ana kijana bandani anamchezea, na picha amekata makusudi. Mwizi."

Haki ya Mungu, neno lile liliniuma. Si kwa sababu ya ligi. Garsen ni mji mdogo. Neno likitoka Mombasa asubuhi, adhuhuri limeshafika sokoni. Nilipokwenda kununua nyanya, muuzaji, mtu niliyesoma naye, akaniangalia akatabasamu akasema, "Lisemwalo lipo." Nikamwachia nyanya zake pale pale.

Msimamizi wa ligi alitenda haki kuliko wote. Akaamua mechi irudiwe baada ya wiki tatu, Jumamosi saa tisa alasiri, na irekodiwe mwanzo hadi mwisho. Picha yangu ikikatika hata mara moja, natolewa, na jina langu linawekwa kwenye orodha ya wadanganyifu. Nikamjibu neno moja: sawa. Halafu nikapanda basi la Malindi.

Fundi wa kompyuta wa Malindi ni mtu mzima mwenye ndevu za kijivu, hana haraka. Nikamweleza shida. Akanitolea kijisanduku kingine cha USB, kizuri zaidi. "Hiki, dada yangu, ni rahisi kwa akina mama. Unachomeka tu."

"Akina mama wamezaa watu wazima wenye ndevu," nikamwambia. "Nionyeshe za ndani."

Akacheka, akazileta. Kadi za ndani ni za kufungua kompyuta na kuzichomeka kwenye bodi yenyewe, kisha unakaza skrubu. Nilizitaka kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilishaona waya wa USB ukilegea kwa kuguswa na kiwiko tu. Ya pili ni sisi wenyewe. Kwetu mtu akija kuazima huwezi kumnyima. Ukimnyima leo, kesho mtumbwi hupati wa kuvukia mto. Kile kijisanduku kilishaazimwa na mpiga picha wa harusi, kikaenda Kipini, kikakaa huko wiki mbili, kikarudi na harufu ya pilau. Nilitaka kitu ambacho wa kukiazima aje na bisibisi.

Alinipa tatu nichague. Ya kwanza alikuwa ameipenda yeye, kubwa, inanasa picha safi kupita kiasi. Nikamuuliza, televisheni yangu haina picha hizo, nitazipeleka wapi? Ya pili ilikuwa na tundu la kuingizia picha tu, haina la kutokea. Maana yake ningecheza nikitazama kompyuta, na picha ya kwenye kompyuta huchelewa. Kwa mtu anayecheza kujaza muda si neno, lakini kwa penalti ni msiba. Ya tatu ilikuwa ya kiasi, ina matundu mawili, picha inaingia huku na inatoka huku ikiwa mbichi hadi kwenye televisheni. Nilipima kwa macho urefu wa bamba lake la nyuma, kwa sababu kompyuta yangu ni ile ya ofisi iliyotumika, nyembamba, na bamba refu haliingii. Fundi akaniangalia. "Nani amekufundisha?" Nikamwambia nimesoma usiku na mchana tangu nilipoitwa mwizi, na hasira ni mwalimu asiye na likizo.

Nikaifunga mwenyewe. Nilifungua kompyuta juu ya meza ya kukatia mboga, nikachomeka kadi mpaka ikalia tik, nikakaza skrubu. Kwanza skrini ikawa nyeusi tii. Kumbe mashine ya gemu ina ulinzi wa picha unaozuia kurekodi, lazima uuzime kwenye mipangilio; kile kijisanduku cha zamani hakikuujali. Nikauzima. Picha ikaja. Nilipiga vigelegele peke yangu, jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Nikajaribu asubuhi, saa nzima, bila doa. Nikajaribu siku ya pili asubuhi, safi. Siku ya tatu nikajaribu saa nane mchana, ikaganda.

Nikajaribu tena, ikaganda. Zilikuwa zimebaki siku tano. Nilimpigia fundi simu nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Akayasikiliza yote. Kisha akauliza, "Dada, hiyo kompyuta umeiweka wapi?"

"Juu, uchagani. Ningeiweka wapi?"

"Juu wapi?"

"Juu, chini ya mabati."

Halafu nikasikia mtu mzima mwenye ndevu anacheka mpaka anakohoa. "Dada yangu, umeibanika!"

Msomaji wa mbali naye atacheka, lakini mtu wa Tana hatacheka, ataangalia juu kwake. Sisi tumezaliwa na mto, nao hufurika. Kila nyumba ya kwetu ina uchaga, vitanda vya fito karibu na paa, na chochote chenye thamani hukaa huko: mbegu za mahindi, vyeti vya shule, Biblia, godoro jipya. Kinachokaa chini ni kile ulichokubali kukipoteza. Mashine za gemu zilikuwa mezani kwa sababu kila saa zinashikwa, nazo jioni hupanda juu. Kompyuta niliipandisha siku niliyoinunua, waya nikaziacha ndefu zikishuka ukutani, na wala sikufikiri. Hakuna kijana hata mmoja bandani aliyewahi kuniuliza kwa nini. Nilipanda ngazi saa nane ile nikaweka mkono juu ya kompyuta, nikautoa upesi. Basi hata kile kijisanduku cha USB nilikuwa nimekionea. Nililisema hilo kwa fundi, maana kosa langu nalikiri. Ninachokataa ni kosa la kusingiziwa.

Dawa ilikuwa moja: kuishusha. Mahali pa baridi bandani kwangu ni sakafuni, kwenye saruji, karibu na mlango ambapo upepo unaingia. Nikaishusha, nikajaribu saa nane, saa tisa, saa kumi. Safi kabisa.

Na wiki hiyo hiyo mto ukaanza kujaa. Kwetu jua lilikuwa kali, hata wingu hakuna, lakini mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, na maji huja yakipenda. Ijumaa mama akatoka shambani na kuku wake na gunia la mpunga, akaja kukaa kwangu. Alipoingia bandani akaona kompyuta sakafuni, akaweka kuku chini.

"Umerukwa na akili?"

"Mama, juu inaungua."

"Na chini inazama! Nilikuwa na cherehani mimi. Niliiacha chini usiku mmoja, mmoja tu, kwa sababu baba yako alisema maji hayatafika. Unaikumbuka hiyo cherehani?"

"Siikumbuki, mama."

"Huwezi kuikumbuka. Ulikuwa hujazaliwa."

Nikamkalisha nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza. Gemu aliijua kama utoto tu. Alikuwa akiwaambia watu nina duka. Nikamweleza ligi, mikono, picha kuganda, na lile neno. Niliposema wameniita mwizi, aliacha kufunga leso akaniangalia.

"Nani?"

"Mtu wa Mombasa."

"Anatujua?"

"Hapana."

Akamalizia kufunga leso. Kisha akatoka, akarudi na kijiti, akakichomeka kwenye udongo mbele ya kizingiti. "Wewe cheza," akasema. "Maji nitayaangalia mimi. Yakifika hapa, nainua hiyo mashine yako, umalize usimalize."

Jumamosi saa tisa maji yalikuwa yameshaingia uani. Vijana niliwaambia wasije, nisisikie tena habari ya kijana wangu. Tulikuwa mimi na mama tu, yeye mlangoni kwenye kigoda, mimi kitini, padi mkononi, kamera ikinitazama mikono. Eksitensheni ya umeme ilikuwa imetundikwa juu ukutani kama ada yetu. Watu waliokuwa wanatazama laivu walikuwa wengi kuliko ligi yote. Hata muuzaji nyanya, niliambiwa baadaye.

Yule bwana alianza kwa kasi. Dakika ya kumi akanifunga. Nikatulia, nikarudisha kabla ya mapumziko kwa kona nzuri ambayo ningependa niieleze lakini nitaonekana najisifu. Ah, nitajisifu: niliipiga fupi, nikazunguka, nikampenyezea mtu wa nyuma. Moja moja.

Kipindi cha pili nikasikia mama akisema, "Yamefika." Sikugeuka. Maji yalikuwa yamevuka kijiti, yakaingia kama karatasi nyembamba juu ya saruji, yakafika kwenye viatu vyangu. Nikasubiri waya zing'oke. Nikatoa pasi mbovu kwa kuwaza waya hizo, naye akanifunga la pili. Nikajua sasa imekwisha. Mama ataiinua, picha itakatika, na nitakuwa mwizi mpaka kufa.

Picha haikukatika. Nikatupa jicho. Mama alikuwa ameinua kompyuta pamoja na waya zake zote, taratibu, zile waya ndefu za kushuka kutoka uchagani zikimfuata bila kukazika. Akarudi kwenye kigoda chake, miguu ndani ya maji, akaipakata mapajani kama mtoto mwenye homa. Mkono mmoja aliuweka pale feni inapotoa hewa. "Inapumua," akaniambia. "Cheza."

Nikacheza. Sijawahi kucheza vile, wala sijui kama nitacheza tena. Niligonga mwamba mara mbili. Mama alikuwa na kigoda karibu mno, na kwenye kona ya picha, pembeni ya mikono yangu, yalionekana magoti ya mama, leso yake, na kompyuta juu yake, mpaka filimbi ya mwisho. Mbili kwa moja. Nilifungwa.

Nikaweka padi chini, ila chini hapakuwapo, nikaiweka juu ya kiti. Nikasoma kwenye simu. Msimamizi aliandika kwamba rekodi ni kamili, haina kasoro, na jina langu ni safi. Chini yake yule bwana wa Mombasa akaandika: "Mama, nimekukosea mbele za watu, naomba msamaha mbele za watu. Ulikuwa unacheza mwenyewe. Na huyo aliyeshika kompyuta ni nani?"

Nilikaa na simu mkononi, machozi yakinitoka, nami nilikuwa nimeapa sitalia.

"Imeisha?" mama akauliza. Hakuwa amesogea hata kidogo.

"Imeisha."

"Umefunga?"

"Nimefungwa, mama."

"Na lile neno?"

"Amelifuta. Ameomba radhi kwa watu wote. Anauliza wewe ni nani."

Mama akaipandisha kompyuta vizuri mapajani, kwa sababu ilikuwa inateleza. "Mwandikie mimi ni mamako," akasema, "halafu uje unipokee, magoti yamekufa ganzi."