Nusu ya Neno Iliyokuwa Mgeta

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya simu moja iliyopigwa ofisini kwetu: kompyuta ya kituo cha mbegu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, imegoma, na masika yako mlangoni. Malori yamejipanga uani, magunia yamejaa ghalani, ila orodha ya kijiji kipi kipewe mbegu gani imo ndani ya mashine, na mashine haimfungulii mtu. Siku zile kompyuta nchini zilikuwa za kuhesabika, na mafundi wake ndio usiseme. Nikafunga kibegi changu, bisibisi chini, kanga juu.

Morogoro tulifika jioni, kwa sababu dizeli ya basi ilikuwa ya kubembeleza. Pale Mafiga nilinunua karanga, na nilipofungua kifurushi nikakuta karatasi yenyewe ni kadi ya kituo cha mbegu, imeandikwa kijiji na aina ya mahindi. Moyo ukanilipuka. Kumbe kadi za zamani walikwisha kuzitupa, wakaitegemea mashine peke yake.

Asubuhi, kituoni, mkuu wa kituo, Ndugu Mushi, alinipokea vizuri, kisha akachungulia nyuma yangu kumtafuta fundi. Nikamwambia asihangaike, fundi ndiye mimi. Alikuwa mtu wa watu, lakini usingizi ulikuwa umemhama. Yeye ndiye aliyewashawishi wenzake waziache kadi, na wakubwa walikwisha kumwambia kwamba vijiji vikikosa mbegu, atahamishiwa Kisaki, kule porini, akalinde ghala lisivunjwe na tembo.

Nilikagua umeme, nikakagua nyaya, nikavua viatu nikajipenyeza nyuma ya mtambo. Mzima kabisa. Umeme ulipokatika ghafla, mtambo ulikuwa umepoteza majina ya watumiaji wote isipokuwa la msimamizi, yule mwenye ruhusa ya kuwaingiza wengine. Nikauliza neno la siri la msimamizi analo nani. Ndugu Mushi akakohoa. Akaeleza kwamba walikaa mkutano, wakaona neno zima kushikwa na mtu mmoja ni ubwanyenye, basi wakaligawa: nusu yake yeye, nusu ya Mama Tekla, mtunza kumbukumbu, na kila mmoja akaapa kutomtajia mtu yeyote nusu yake. Makubwa haya! Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikauliza Mama Tekla yuko wapi. Yuko Mgeta, amefiwa na kaka yake. Kicheko kikanikauka. Ningeweza kufuta vyote na kuufunga mtambo upya, lakini na orodha za mbegu zingekwenda.

Mimi na dereva tukapita Mzumbe, tukaanza kupanda milima kwa Landrova ya kituo. Barabara ilikuwa nyembamba, upande mmoja matuta ya kabichi, upande wa pili korongo lililojaa ukungu. Nilifumba macho kila kona, na dereva akanitania kwamba hata yeye hufumba.

Mgeta, kwenye msiba, nilijifunga kanga, nikatoa pole, nikakaa jamvini na akina mama. Shida yangu ningeianzaje? Niliisema kwa minong'ono, na Mama Tekla, macho yamemvimba, akanijibu kwamba nusu yake hawezi kunipa, ameapa mbele ya wenzake. Kuja mwenyewe angekuja, lakini dada wa marehemu hatoki kabla ya kumaliza tanga. Wazee wa ukoo, habari ilipowafikia, wakatikisa vichwa, wakaniona sina adabu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Aliyeniokoa alikuwa mtani wa ukoo wao, mtu mzima aliyevaa koti la marehemu nje ndani na kuwachekesha wafiwa, kama ilivyo kazi ya watani. Alisimama katikati ya jamvi.

"Marehemu alikuwa mkulima," akasema. "Mkimfungia dada yake hapa mbegu zisipandwe, mwakani mtakuja kumkumbuka kwa kula nini, mawe? Mwacheni aende. Mimi nakaa mahali pake, na kulia nitamshinda."

Akajitupa pale jamvini, akaangua kilio cha uongo. Wafiwa wakacheka, na wazee nao. Neno la mtani msibani halikataliwi. Mama Tekla akainuka.

Kituoni, siku ile ile, Ndugu Mushi aliandika nusu yake, akatoka nje kwa heshima ya kiapo. Mama Tekla akanipa mgongo, akabonyeza herufi moja moja, polepole, akisita kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Kioo kikajaa maandishi. Ndugu Mushi aliposikia vigelegele vyangu aliingia, akakaa kwenye kiti, akafunika uso kwa mikono. Alhamdulillahi, nilisema mimi, na yeye Mlutheri akaitikia.

Nilimwingiza kila mfanyakazi kwa jina lake na neno lake, na mipaka ya anachoruhusiwa kugusa. Nikawafundisha kwamba neno la msimamizi wapewe watu wawili, kila mmoja akiwa nalo zima, ili mmoja akipatwa na lake kazi isilale. Nilipotaka kulibadilisha lile la zamani, Mama Tekla akanishika mkono.

"Nusu yangu usiifute, mwanangu. Nifanyie iwe neno langu mwenyewe," akasema. "Ni jina la kaka."

Kanuni za kazi yetu zinakataza jina la ndugu kuwa neno la siri. Nikamwachia.

Kesho yake nilirudi Dar, nikiwa mwepesi kuliko nilivyokwenda. Kabla sijaondoka niliona lori la kwanza likitoka uani kuelekea Mgeta, na juu ya magunia ameketi Mama Tekla, anawahi kumpokea mtani zamu ya kulia.