Leo nimepanua mikato ya mishale ya baba

Leo baba ameshinda mashindano ya kulenga shabaha hapa Bukundi, na nyumbani hakuna anayefurahi.

Ngojeni nieleze.

Mishale yake ni ya kuwindia. Mkato wa nyuma, pale unapokaa uzi wa upinde, aliuchonga mwembamba ili ubane. Mwindaji hunyatia hadi karibu, mshale ukiwa tayari kwenye uzi, ili usidondoke.

Kwenye shabaha ya mbali ni kinyume. Mkato ukibana sana, mshale hauachii uzi vizuri, unakwenda upande.

Mshale wa kwanza wa baba uliangukia kwenye shamba la pamba.

"Ngosha, huo mshale hautaki kuhama nyumbani," mzee mmoja akamwambia baba. Watu wakacheka.

Nikamvuta baba pembeni. "Nipanue mikato kwa kisu? Ila haitafaa tena kuwindia."

(Mkato ukishapanuliwa, basi, haubani tena.)

Akatazama upande wa pori. Siku hizi lina mwekezaji na walinzi wake. Miaka yote baba amekuwa akituambia ruhusa itatoka, tutaingia tena kuwinda.

"Panua."

"Yote?"

"Yote, mwanangu. Usiniachie hata mmoja wa kunidanganya."

Nikapanua. Mishale mitatu ikaingia katikati, mmoja baada ya mwingine. Mama akapiga vigelegele, halafu akauona uso wa baba, akavikatiza.

Zawadi ilikuwa jembe. Amelipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri.

Niambieni, ndugu zangu: mtu aliyeshinda hupewa pole kwa maneno gani?